Nchi Iliyofuta Masizi

Ipo nchi moja, wala msomaji asijisumbue kuitafuta katika ramani, kwa maana waliotumwa kuichora walipofika huko wino wao uliganda, wakarudi makwao na karatasi nyeupe. Nchi hiyo iko juu sana. Maji ya kunawa huamka yakiwa mawe, ng'ombe huvaa magunia, na mtu aliyesahau soksi zake asubuhi huzikumbuka mwezi mzima. Kwa ajili ya baridi hiyo kila nyumba ina meko ya mawe sebuleni, na juu ya meko kuna dohani, yaani njia ndefu ya matofali ipandayo mpaka nje ya paa, ili moshi uende zake na joto libaki na wenye nyumba.

Ni nchi ya amani, na serikali yake ina bidii isiyo ya kawaida. Katika mwaka ambao mpaka leo husherehekewa kwa matarumbeta, serikali hiyo iliyafuta masizi.

Jambo lenyewe lilitendeka kwa utaratibu mzuri. Bunge liliarifiwa kwamba masizi, ule uchafu mweusi ugandao ndani ya dohani, huziba njia ya moshi, na yakizidi hushika moto na kuteketeza nyumba. Ikaelezwa pia kwamba kuyakwangua katika kila nyumba, kila mwaka, ni kazi ndefu na yenye kuchafua nguo. Ndipo mheshimiwa mmoja aliyekuwa amelala akaamka, akatoa hoja kwamba yafutwe kwa sheria. Hoja ilipita kwa makofi na vigelegele. Tangu saa ile hakuna masizi katika nchi ile, na anayedai kuyaona anakuwa ameona kitu ambacho Bunge halikukiona.

Wakwanguaji wa dohani, pamoja na kamba na brashi zao, walibaki bila kazi, lakini serikali haikuwatupa. Iliwaunda kuwa Kwaya ya Taifa ya Dohani, nao huimba vizuri, hasa sauti ya besi. Tena, ili raia wasisahau siku ile, kila nyumba ilipewa bata bukini mmoja mweupe, alama ya usafi wa taifa, mwenye utepe wa rangi za bendera shingoni. Bukini wote waliitwa Azimio. Kumchinja Azimio ni uhaini, na kumla ni uhaini wenye ushahidi. Dohani nazo zilipakwa chokaa kila mwaka, kwa nje, upande ambao serikali huutazama.

Katika wilaya moja ya nchi hiyo, iliyoitwa Jalidi, aliishi Bwana Hezroni Kimbavala, Mkaguzi Msaidizi wa Dohani. Kazi yake ilikuwa kusimama barabarani akiwa amevaa kofia ya kazi, kuinua uso, kuitazama dohani ya nyumba, na akiisha kuona chokaa, kutamka kwa sauti ya kusikika, "Safi!" Kisha alikwenda nyumba iliyofuata. Alikuwa mtu mnyofu. Alisomeshwa na wamisionari, akafundishwa kwamba mdomo wa mtu ni kiapo chake, naye hakuwahi kujiona mwongo hata siku moja, kwa sababu chokaa ilikuwa safi kweli.

Tatizo lake lilikuwa mama yake mzazi, Bibi Salomi, ambaye aliishi naye, na ambaye hakuwa na adabu mbele ya sheria.

*

"Hezroni."

"Naam, mama."

"Uko wapi?"

"Niko hapa mbele yako, mama."

"Sauti naisikia. Sura siioni."

Alikuwa amekaa kando ya meko amejifunika mablanketi, na moshi ulikuwa umeijaza sebule mpaka picha ya mkuu wa nchi, Mtukufu Mlezi wa Joto, ukutani ilionekana masharubu peke yake. Moshi wa nyumba ile ulikuwa na tabia ya kupanda kidogo ndani ya dohani, kufikiri, na kurudi. Hezroni akafungua dirisha. Upepo ukaingia kama mwenye nyumba anayemdai mpangaji. Midomo ya Bibi Salomi ikawa ya zambarau, meno yakaanza kugongana. Akalifunga. Mama akaanza kukohoa, na kikohozi chake kilitoka mbali, kikapita njia nyembamba, kikafika kimechoka.

"Humo ndani mna masizi," akasema alipopata pumzi.

"Mama! Majirani watasikia."

"Jirani yupi? Yoeli? Yoeli nyumba yake si iliungua juzi?"

"Haikuungua, mama. Ilivuka lengo la joto."

Na hiyo ndiyo iliyokuwa kweli ya kiserikali. Dohani ya Mzee Yoeli ilishika moto kwa ndani ikanguruma kama gari la moshi, paa likaenda, kuta zikaenda, na Mkuu wa Wilaya akaja na bendi kumkabidhi Mzee Yoeli cheti cha kuvuka lengo. Mzee Yoeli alikipokea akiwa amevaa pazia, ambalo ndilo lililookoka. Sasa alikaa kwa binti yake, na kila aliyepita alimpongeza.

"Mimi sitaki cheti," Bibi Salomi akasema. "Nataka kuvuta pumzi. Nikizima moto, baridi inaniua. Nikiwasha, moshi unaniua. Wewe ni mkaguzi. Kagua basi, uniambie nife kwa lipi."

Hezroni aliutazama ule mkono mkavu ulioshika blanketi, akaelewa bila msaada wa Bunge kwamba isipofunguliwa dohani ile, atamzika mama yake kabla ya theluji kuyeyuka.

*

Mkurugenzi wa Dohani, Mheshimiwa Obedi Nsolezi, alikuwa mtu mpana aliyevaa makoti mawili, moja la kazi na moja la baridi. Ofisini mwake hapakuwa na moto, maana dohani yake ilikuwa imegoma muda mrefu, lakini hilo alilieleza kuwa ni mfano wa kujinyima kwa viongozi.

"Mheshimiwa," Hezroni akaanza, akichagua maneno kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, "dohani ya nyumbani kwangu ina kusita."

"Kusita?"

"Moshi unapanda, unafika mahali, unarudi."

"Unarudi wapi?"

"Sebuleni, Mheshimiwa. Kwa mama."

Mkurugenzi akaunganisha vidole vyake juu ya tumbo. "Ndugu Kimbavala, swali langu ni moja. Umeuelimisha?"

"Nani, Mheshimiwa?"

"Moshi! Wananchi wanakaa na moshi miaka nenda miaka rudi, hawaupi mwongozo, halafu wanashangaa ukipotea njia. Dohani yako imepakwa chokaa?"

"Imepakwa."

"Ni nani aliyeikagua?"

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Ukatamka nini?"

Hezroni akainamisha kichwa. "Nilitamka, safi."

"Basi unakuja kulalamika dhidi yako mwenyewe. Hiyo ni kesi ngumu." Hata hivyo Mkurugenzi hakuwa mtu wa roho mbaya. "Mama yetu Salomi namheshimu. Nitakutumia Kwaya."

Kwaya ya Taifa ikaja kesho yake, ikajipanga mbele ya meko kwa sauti zake zote, ikaimba wimbo wa kuuhamasisha moshi upande juu pamoja na uchumi. Ubeti wa kwanza ulikwenda vyema. Katika ubeti wa pili moshi ukawaitikia, na waimbaji wakaanza kukohoa, soprano kwanza, kisha alto, kisha tenori, wote kwa mpangilio na kila mmoja kwa zamu yake, kwa maana walikuwa wamefunzwa. Wale wa besi, ambao zamani walikuwa wakwanguaji, walichungulia juu ya meko, wakatazamana, wakashusha pumzi, wakaimba kwa nguvu zaidi.

"Wameimba vizuri," Bibi Salomi akasema walipoondoka, akipangusa macho. "Tena nimelia."

*

Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Usafi, na wilaya nzima ilikwenda uwanjani pamoja na bukini wake kupita mbele ya Mtukufu. Hezroni alikuwa ameruhusiwa kubaki kwa ajili ya ugonjwa wa mama, mradi bukini wa nyumba apelekwe na jirani.

"Usimpeleke," Bibi Salomi akasema. "Mlete hapa."

"Nani?"

"Huyo Azimio. Baba yangu marehemu alikuwa akitumia bukini. Unamfunga miguu kwa kitambaa laini asiumie, unapanda juu ya paa, unamshusha polepole kwa kamba. Yeye kwa hasira anapigapiga mabawa, na mabawa yanakwangua kila upande. Mimi nampokea hapa chini na gunia lililoloweshwa. Dohani inabaki kama koo la mhubiri."

"Mama, huyu ni alama ya Taifa!"

"Afanye kazi ya Taifa."

Hezroni akamtazama Azimio, na Azimio, aliyezoea kuheshimiwa, akamtazama Hezroni kwa dharau. Mkaguzi alikuwa mtu wa sheria, kwa hiyo akaipitia sheria kichwani tangu mwanzo mpaka mwisho. Ilikataza kumchinja bukini, kumnyonyoa, kumtukana, kumpaka rangi na kumwonyesha picha za sufuria. Haikusema lolote juu ya kumshusha. Kisha mama akakohoa tena, kile kikohozi cha mbali, na Hezroni akatafuta kamba.

Kilichotendeka ndani ya dohani ile Azimio peke yake ndiye awezaye kukisimulia. Juu ya paa zilisikika kelele za kishujaa. Chini, kitu ambacho kisheria hakikuwapo kilianguka kwa mafungu, kikajaza meko, kikajaza karai, kikajaza beseni la kufulia. Hatimaye akatua bukini mwenyewe katika gunia la Bibi Salomi, mzima wa afya, akitukana kwa lugha yao, mweusi tangu mdomo mpaka mkia.

Hezroni aliteremka akawasha moto. Ule moshi ukapanda bila kufikiri. Sebule ikaanza kuonekana, kona moja baada ya nyingine: kabati, saa ya ukutani, Mtukufu mzima na medali zake. Bibi Salomi akavuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine kama mtu anayeonja mchuzi, kisha akamtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Umezeeka, Hezroni," akasema. "Nani angejua?"

Hezroni akacheka mpaka akalia, na kwa kule kulia hakuona kwamba mlango ulikuwa wazi na kwamba bukini hakuwamo ndani.

*

Azimio alikuwa amekwenda kushtaki. Alifuata sauti ya matarumbeta, akapita lango kuu, akakatiza katikati ya bukini weupe waliojipanga kwa mistari, akasimama mbele ya jukwaa la Mtukufu Mlezi wa Joto, akiwa mweusi tititi na utepe wa Taifa shingoni.

Bendi ikanyamaza. Mawaziri wakatazama viatu vyao. Kila mtu uwanjani alijua kile kilichompaka bukini yule, na hakuna hata mmoja aliyeweza kukitaja, kwa maana kilikuwa kimefutwa.

Wataalamu wakaitwa palepale. Wa kwanza akasema bukini ni mgonjwa. Akakumbushwa kwamba alama ya Taifa haiugui, akaketi. Wa pili akasema amezaliwa hivyo; akaonyeshwa utepe, ambao ulifungwa na serikali yenyewe kwenye shingo nyeupe, naye akaketi karibu na mwenzake. Wa tatu akaona waliokwisha kuketi wamepata askari wa kuwalinda kila upande, akaamua kuzimia.

Ndipo Mtukufu mwenyewe akainuka. Akamtazama bukini. Akawatazama Makatibu Wakuu waliokuwa nyuma yake, ambao wote, kwa mujibu wa vyeo vyao, walivaa suti nyeusi.

"Amevaa suti," Mtukufu akasema.

Uwanja ukapumua.

"Amevaa suti!" Mkurugenzi Obedi akapaza sauti. "Amepandishwa cheo!"

Makofi yalidumu mpaka mikono ikapata joto. Siku hiyohiyo Azimio wa nyumba ya Kimbavala aliapishwa kuwa Katibu Mkuu, akapewa nyumba ya serikali, dereva, na bwawa. Wasiompenda wanasema hakufanya lolote wizarani, lakini hata wao wanakubali kwamba hakuharibu, na katika wizara ile hilo lilikuwa jambo jipya.

Kisha ikatoka amri kwamba kila raia mwema ampandishe cheo bukini wake kabla ya majira ya baridi kwisha. Namna ya kufanya haikuelezwa. Lakini Bibi Salomi, ambaye sasa alikuwa na pumzi ya kutosha, alizungumza na mwanamke mmoja juu ya ua wa nyuma, na yule akazungumza na mwingine. Baada ya muda mfupi mapaa yote ya Jalidi yalikuwa na watu wenye kamba. Wilaya nzima ilijaa kelele za bukini wanaopanda vyeo. Moshi wa nyumba zote ukasimama wima angani kama askari wa gwaride, watoto wakaacha kukohoa, nyumba zikaacha kuvuka malengo. Serikali ikatangaza kwamba afya ya wananchi imeboreka kwa sababu ya kuona bukini waliovaa kiheshima.

*

Mambo yangaliishia hapo kwa heri, kama Mtukufu asingalipata wazo.

Mkurugenzi Obedi ndiye aliyelileta, akihema, nyuma yake mkokoteni wa kuni mbichi na vipande vya mpira wa magurudumu.

"Ndugu Kimbavala, furahi! Cheo hutolewa na mkuu wa nchi. Sasa watu wanapandishana tu huko mitaani, hovyo hovyo. Mtukufu atakuja mwenyewe Jumamosi, hapa, nyumba ilikoanzia heshima hii, ampandishe cheo huyu bukini wenu mpya, mliyepewa badala ya Katibu Mkuu, kwa mikono yake."

Hezroni akachungulia ndani ya dohani. "Mheshimiwa, huyu akishuka humo atatoka mweupe vilevile."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu dohani haina tena… kile ambacho haikuwa nacho tangu mwanzo."

Mkurugenzi akafikiri, akapauka. "Yaani Mtukufu atamshusha bukini, na bukini atakataa cheo? Mbele ya mabalozi?" Akamshika Hezroni mkono. "Basi ipatie! Choma hizi kuni mbichi na hii mipira usiku na mchana, madirisha yote yafungwe, mpaka Jumamosi iwe imekuwa na… na mazingira."

"Na mama yangu atavuta nini?"

"Mama yetu ni mzalendo."

"Mama yetu ana mapafu."

"Ndugu yangu," Mkurugenzi akasema kwa upole wa kweli, na upole ule ndio uliotisha, "bukini akitoka mweupe, wewe unakwenda Gereza la Barafu. Kule hakuna meko kabisa. Nyumba hii inachukuliwa. Mama yako atakaa wapi? Chagua vizuri."

Hezroni akajaribu kuwa raia mwema. Aliwasha kuni mbichi, akatupia kipande cha mpira, akafunga madirisha. Moshi mzito, mweusi, wenye kunuka kama gari lililoungua ulitambaa kwanza chini ya dari, kisha ukashuka juu ya kiti cha mama. Bibi Salomi aliinama tu, akakohoa, akashika kifua, na safari hii kikohozi hakikufika. Kilikwama njiani. Macho yakamtoka.

Hezroni hakukumbuka alivyofika kwenye meko. Alizichomoa zile kuni kwa koleo na kwa mikono, akazitupa nje kwenye theluji zikalia, akafungua kila kilichofunguka, akamkumbatia mama yake katikati ya upepo mpaka kikohozi kikapata njia.

"Mjinga wewe," mama akasema mwishowe, kwa sauti ya uzi.

"Ndiyo, mama."

"Watakufunga?"

"Watanifunga."

"Basi niletee chai kabla hawajafika."

Zile kuni mbichi zilizosalia akazipanga kando ya meko pamoja na mipira yake, ili Mkurugenzi akichungulia aone kama zinatumika. Nyumba ikaendelea kuota moto wa kuni kavu, na dohani ikabaki safi kwa maana ya kale ya neno hilo.

*

Jumamosi ikafika na baridi iliyopasua matofali. Itifaki iliagiza moto uzimwe tangu alfajiri, bukini asije akaungua, nao ukazimwa. Bibi Salomi akaachwa peke yake kando ya meko baridi na gunia la kumpokelea bukini. Nje barabara ilijaa: mawaziri, mabalozi, kwaya, askari, na Katibu Mkuu Azimio ndani ya gari lake, weusi wake umepungua kidogo kwa ajili ya bwawa, lakini hakuna aliyethubutu kuliangalia hilo.

Mtukufu Mlezi wa Joto akapanda ngazi, bukini mweupe kwapani, na Hezroni nyuma yake akibeba kamba kama mtu anayebeba ya kufungwa nayo mwenyewe. Mtukufu akafika juu, akainama juu ya tundu la dohani, akasema kwa kujaribu, "Wananchi!"

Dohani ikamjibu kwa sauti nzito, tukufu, nzuri kuliko yake. Mtukufu akapendezwa sana. Katika maisha yake yote alikuwa hajapata msikilizaji wa kiwango kile. Akaingiza kichwa zaidi, akaanza hotuba.

Alianza na historia ya baridi. Akaingia katika mababu. Huku barabarani mabalozi walikanyagakanyaga chini, masharubu ya kwaya yakaota barafu, na Hezroni, akimwangalia yule bukini mweupe, alikuwa akimuaga mama yake moyoni. Mtukufu alikuwa amefika kwenye mafanikio ya kipindi cha pili, kichwa na mabega ndani ya dohani, pale sauti yake ilipokatika.

Kwanza alipiga chafya. Kisha, kutoka ndani ya tundu, kando ya masikio yake, ukapanda moshi mnene mweusi, mnyoofu, wenye nguvu, moshi ambao haukusita hata kidogo, kwa kuwa njia ilikuwa nyeupe mbele yake. Bukini akaponyoka kwapani, akaruka juu ya vichwa vya mabalozi, akaelekea mpakani, na habari zake hazijulikani. Mtukufu akajitoa, akageuka, akawatazama watu wake.

Kuni mbichi zilikuwa zimefanya kazi nzuri, na mipira ilikuwa imemalizia. Uso wa mkuu wa nchi, kipara chake, masharubu, kola na medali, vyote vilikuwa vimepakwa weusi mzito wa kumeta, isipokuwa macho mawili yaliyokuwa yakitoa machozi.

Barabara nzima ikamkodolea macho. Askari mmoja akamlenga Hezroni bunduki, akakosa shtaka, akaishusha.

"Mbona mnanitazama hivyo?" Mtukufu akauliza kwa sauti iliyokwaruzwa. "Mkaguzi! Wewe uliye karibu. Kuna nini usoni pangu?"

Hezroni akatazama chini. Mkurugenzi Obedi alikuwa amefumba macho akisali. Kutoka ndani ya dohani, mbali, alisikia sauti ya mama yake akiwa amekaa pale chini katika hewa safi: hakukohoa, bali aliimba tenzi polepole huku akichokoa moto. Hezroni akasimama wima juu ya paa, akavua kofia ya kazi.

"Mtukufu," akasema, "umepandishwa cheo."

Ukimya ukawa mrefu kuliko hotuba. Cheo kipi kilikuwa juu ya kile? Na nani aliyekitoa? Mtukufu akapitisha kidole shavuni, akakitazama, akamtazama Azimio aliyekuwa akichungulia kwenye dirisha la gari. Kidogo kidogo, chini ya ule weusi, meno yakaonekana.

"Nilikuwa nikilitarajia," akasema.

Makofi yaliyolipuka yaliangusha barafu katika mapaa. Kabla hayajatulia, Waziri wa Ulinzi alikwisha kuwa katikati ya ngazi, na Waziri wa Fedha alikuwa amemshika mguu akidai kwamba yeye ana miaka mingi zaidi kazini. Mkurugenzi Obedi alipandia ukutani kwa kucha. Ilibidi askari wapange foleni kwa ukuu.

Amri ikasainiwa palepale, mgongoni mwa balozi mmoja. Nyumba ya Kimbavala ni Ngazi Kuu ya Taifa; mtu yeyote asiwahamishe wenyewe; moto wake usizimike majira yote ya baridi; na kuni ziletwe na serikali, mlangoni, kila asubuhi, mbichi za kupandishia vyeo na kavu za kuanzishia.

Hezroni aliposhuka akaingia ndani, akakuta sebule ina joto kama mkate. Mama yake alikuwa amevua mablanketi, ameyakunja, ameyaweka kando, na mashavu yake yalikuwa na rangi.

"Mama, kwa nini uliwasha?"

"Nilisikia baridi. Na yule mtu hakuelekea kumaliza." Akainua uso, akasikiliza. Juu kabisa ya dohani mtu alikuwa akikohoa kwa uchungu, akipumzika, kisha akirudi kukohoa kwa bidii zaidi. "Huyo ni nani?"

"Waziri wa Afya, mama."

"Maskini," Bibi Salomi akasema. Akasogeza kiti karibu na moto, akanyoosha miguu. "Ongeza ukuni mmoja, mwanangu. Ule mbichi."